Tawala, Dhibiti, Linda na Chunga: Visawe vya Mamlaka katika Matini Zinazohusu Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya

1.0 Utangulizi

Kamusi za Kiswahili huviweka karibu karibu vitenzi vinavyotaja nguvu ya mmoja juu ya mwingine: tawala, dhibiti, miliki, hodhi, tiisha, ongoza, simamia, linda, chunga. Aghalabu kimoja hufafanuliwa kwa kingine, na msomaji hubaki na dhana kwamba vyote ni njia mbalimbali za kusema jambo lile lile. Shuleni mwanafunzi hufunzwa kuvibadilisha ili insha yake isichoshe. Katika vyumba vya habari mhariri huvibadilisha ili neno moja lisijirudie mara tatu katika aya moja. Desturi hii ya kubadilisha visawe kwa ajili ya mapambo ya mtindo ndiyo inayohojiwa katika makala haya.

Hoja ya msingi ni kwamba vitenzi hivi havitofautiani kwa ladha tu. Kila kimoja humpa mtendwa hadhi yake: kimoja humwona kuwa raia, kingine humwona kuwa janga, kingine humwona kuwa amana. Anayeteua kitenzi huwa amekwisha kuamua yule mtendwa ni nani, hata kabla ya kueleza alichotendewa. Hoja hii yaweza kuonyeshwa popote Kiswahili kinapotumika, lakini hakuna mahali ambapo inadhihirika waziwazi zaidi kuliko katika matini zinazohusu Garissa, Wajir na Mandera, yaani eneo lililojulikana kwa muda mrefu kama Mkoa wa Kaskazini Mashariki.

Sababu za kuliteua eneo hilo ni mbili. Kwanza, lilitawaliwa kwa sheria za pekee kwa kipindi kirefu kuliko maeneo mengi ya Kenya, tangu enzi za ukoloni hadi mwaka 1991. Pili, kwa wakazi wake wengi Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, kando ya Kisomali, Kiborana au Kiorma. Kwa sehemu kubwa kiliwafikia kupitia askari, karani na baraza la chifu. Neno la Kiswahili lilifika likiwa amri kwanza, na baadaye likawa mazungumzo. Mahali kama hapo maana za vitenzi vya mamlaka hujaribiwa kwa namna ambayo mzawa wa Lamu au Unguja huenda asiifikirie.

2.0 Kisawe na Kigezo cha Mtendwa

Wanaisimu wamekwisha kueleza kwamba visawe kamili ni adimu. Maneno mawili huweza kuwa na kiini kimoja cha maana yakatofautiana kwa asili, kwa rejista, kwa hisia na kwa maneno yanayoandamana nayo. Kwa mintarafu ya vitenzi vya mamlaka, tofauti iliyo nzito zaidi ni ya mtendwa. Yafaa kuuliza maswali matatu. Je, kitenzi hiki huandamana na watendwa wa aina gani kwa kawaida? Je, kinamwachia mtendwa hiari yoyote? Na je, mtendwa aweza kugeuka akawa mtenda wa kitenzi hicho hicho?

Chukua sentensi moja sahili: Mkuu wa wilaya aliwatawala wakazi wa mji. Ondoa kitenzi, kisha ujaze pengo. Aliwaongoza: wakazi wanatembea kwa miguu yao, naye yu mbele. Aliwasimamia: wana kazi yao wanayoifanya, naye anaitazama. Aliwatiisha: walikuwa wamekataa, sasa wamevunjwa. Aliwamiliki: si watu tena, ni mali. Aliwalinda: yuko adui nje ya sentensi ambaye hakutajwa. Aliwachunga: wana uhai na haja zao, naye anawajibika kwazo. Aliwadhibiti: walikuwa wakienea au wakifurika, naye amewakomesha. Mtenda ni yule yule na watendwa ni wale wale, ilhali kila kitenzi kimeandika historia tofauti ya mji huo.

3.0 Tawala na Ukoo Wake

Kitenzi tawala kimetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuwa karibu na kitu, kukishika na kukiwajibikia. Ukoo wake katika Kiswahili ni mpana: liwali, wilaya na walii ni ndugu zake. Ndugu huyu wa tatu ana umuhimu wa pekee. Walii, pamoja na kuwa mcha Mungu mwenye karama, ni yule mlezi anayemwoza mwanamke. Jamii ya Kiislamu ya Garissa, inayofuata madhehebu ya Kishafii, humfahamu walii kabla ya kumfahamu mtawala. Walii ana mamlaka, lakini mamlaka yake ni ya mtu wa karibu, na ana wajibu kwa yule aliye chini yake. Kwa asili yake, basi, tawala ni kitenzi kinachodai ukaribu na dhamana.

Historia ya kisheria ya eneo hili ilikitenga kitenzi na asili yake. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 na Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 zilizifanya wilaya za mpaka wa kaskazini kuwa ardhi ya kuingiwa na kutokwa kwa kibali. Wilaya, neno lililozaliwa katika ukoo wa ulezi na ukaribu, likawa jina la umbali. Kwa kinaya ambacho lugha peke yake ndiyo inayoweza kukihifadhi, neno lenye maana ya kuwa karibu likaambatana na kivumishi cha pembezoni.

Yapo pia maneno ambayo Kiswahili na Kisomali huyatumia pamoja, kila lugha kwa maana yake. Katika Kiswahili hukumu ni uamuzi wa hakimu. Hutolewa baada ya kusikilizwa mashtaka na utetezi. Katika Kisomali neno la mzizi huo huo, xukun, hubeba maana ya utawala wenyewe, na xukuumad ni serikali. Hali kadhalika, serikali ya Kiswahili ni taasisi, ilhali sarkaal ya Kisomali, yenye asili hiyo hiyo ya Kiajemi, ni afisa, mtu mwenye sura na jina. Msikilizaji wa Kisomali katika baraza huweza kusikia utawala palipotajwa hukumu, na kumwona afisa mmoja palipotajwa serikali nzima. Si sahihi kuliita jambo hili kosa la lugha. Katika eneo ambalo kwa miaka mingi afisa mmoja alikuwa na uwezo wa kukamata, kuamua na kutekeleza, tafsiri ya Kisomali ilikuwa karibu zaidi na hali halisi kuliko ya Kiswahili sanifu.

Maana nyingine ya tawala hujitokeza panapoongezwa kiambishi -ji- cha kujirejelea. Kujitawala ni neno la heshima; ndilo lililobeba ndoto ya uhuru kote Afrika Mashariki. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kabla ya mwezi huo huo kwisha, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo la Kaskazini Mashariki. Mwaka uliotangulia, 1962, tume iliyotumwa kuchunguza maoni ya wakazi ilikuwa imeona kwamba wengi wao walitaka kuungana na Somalia, na ombi hilo halikukubaliwa. Pande zote mbili za mgogoro uliofuata, uliodumu hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, zingeweza kutumia kitenzi kile kile kujieleza: taifa jipya likijitawala, na watu wa mpakani wakitaka kujitawala. Kilichozitenganisha ni kile kiambishi cha silabi moja, yaani ni nani aliyeruhusiwa kuhesabiwa kuwa nafsi yenye kujirejelea. Upande mmoja uliitwa dola. Upande wa pili uliitwa shifta, neno lililoazimwa kutoka Ethiopia, lenye maana ya jambazi. Na jambazi hatawaliwi wala hajitawali. Kitenzi chake ni kingine.

4.0 Dhibiti: Kitenzi cha Moto na Maradhi

Kitenzi hicho kingine ni dhibiti. Nacho asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa kushika kitu barabara na kukifanya kiwe imara. Dhabiti na madhubuti ni ndugu zake, na zote mbili ni sifa njema. Ni vyema kukitenga na jirani anayechanganywa nacho mara kwa mara katika maandishi ya wanafunzi, yaani thibitisha, ambacho ukoo wake ni thabiti na ithibati. Kudhibiti ni kushika. Kuthibitisha ni kuonyesha ukweli. Mtu huweza kudhibitiwa bila lolote kuthibitishwa juu yake.

Ili kuielewa dhibiti yatosha kutazama maneno yanayoandamana nayo katika Kiswahili cha leo. Huzungumzwa juu ya kudhibiti moto, mafuriko, bei za bidhaa, nzige, maradhi. Garissa inayo mifano yake halali. Mto Tana ulipofurika, ilikuwa sawa kusema kwamba mafuriko yanahitaji kudhibitiwa. Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka katika eneo hilo mwaka 1997 na 1998, na tena mwaka 2006 na 2007, watu na mifugo walikufa, na jitihada za kuidhibiti zilikuwa jitihada za kuokoa uhai. Watendwa wote hawa wana sifa moja: huenea, hawana nia, wala hawawezi kuulizwa swali wakajibu. Hakuna anayejadiliana na mafuriko.

Sasa watazamwe watendwa wengine ambao kitenzi hiki kilipewa katika matini za eneo hili: kudhibiti mpaka, kudhibiti wahamaji, kudhibiti wakimbizi wa Dadaab tangu kambi hizo zilipoanza mwaka 1991, na juu ya yote kudhibiti hali. Katika fungu la kwanza, watu wenye nia na sauti wamewekwa katika rafu moja na moto na homa. Katika fungu la mwisho, watu hawaonekani kabisa. Hali imedhibitiwa ni sentensi isiyo na mtenda wala mtu aliyetendwa. Kauli ya kutendwa imemwondoa aliyefanya, na nomino hali imemwondoa aliyefanyiwa. Kwa mtazamo wa sarufi ni sentensi timamu. Kwa mtazamo wa uhakiki ni jukwaa tupu ambalo waigizaji wake wote wameondolewa kabla ya pazia kufunguliwa.

Waliokuwamo ndani ya hali wanafahamika. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Kartasi uliteketezwa na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, kwa madhumuni yaliyotajwa kuwa ni kuwanyang'anya silaha, na wengi hawakutoka hai. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ilisikiliza ushahidi Garissa na Wajir mwaka 2011 na kutoa ripoti yake mwaka 2013, iliyaandika matukio haya kwa sauti za walionusurika. Tofauti kati ya taarifa inayosema kwamba hali imedhibitiwa na ushahidi wa mjane aliyehesabu siku ambazo mumewe hakurudi, haiishii katika wingi wa maelezo. Sarufi yenyewe ni tofauti. Ushahidi una mtenda, una mtendwa, una mahali na una saa.

Wakazi wenyewe waliyapa matukio ya 1980 jina la Kisomali, Garissa Gubai, jina lenye maana ya kuchomwa moto. Kitenzi walichokiteua ni cha moto, lakini moto hapa ni chombo mkononi mwa mtu. Katika dhibiti, watu ndio moto. Katika gubai, watu ndio walioungua. Msomi anayeviita vitenzi hivi viwili njia mbili za kusimulia tukio moja hajasoma vyema.

5.0 Linda na Swali la Adui Asiyetajwa

Linda ni kitenzi cha Kibantu chenye sifa njema katika masikio ya kila Mswahili. Hata hivyo, kina nyuso mbili. Mlinzi hulinda nyumba ili mwizi asiingie, na mlinzi hulinda jela ili mfungwa asitoke. Katika hali ya kwanza mtendwa ni mwenye kupendwa. Katika ya pili ni mwenye kushukiwa. Kitenzi hakibadiliki umbo. Kinachobadilika ni upande ambao mlinzi ameuelekeza uso wake.

Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kuingia Somalia katika operesheni iliyopewa jina la Linda Nchi. Septemba 2015 ikaanza operesheni ya Linda Boni katika msitu unaozihusu kaunti za Garissa na Lamu. Majina haya mawili yanastahili kusomwa kama matini fupi za kifasihi, kwa maana yaliteuliwa ili yasikike. Yote mawili ni shina tupu la kitenzi, lililo sawa na hali ya kuamuru: amri kwa mtu mmoja asiyetajwa. Yote mawili yana yambwa bila kutaja hatari. Katika la kwanza yambwa ni nchi, na msikilizaji hujaza mwenyewe ni nchi ya nani na ni nani waliomo ndani yake. Katika la pili utata ni mzito zaidi, kwa kuwa Boni ni jina la msitu na pia ni jina ambalo Waaweer, wakazi wa msitu huo, wamekuwa wakiitwa na majirani zao. Je, Boni inalindwa, ama watu wanalindwa kutokana na Boni? Jina halijibu.

Itakuwa ni dhuluma kulisoma neno linda kwa kejeli tupu. Tarehe 2 Aprili 2015 washambuliaji waliingia katika Chuo Kikuu kishiriki cha Garissa, na watu 148 waliuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi waliotoka pande mbalimbali za Kenya. Baada ya siku hiyo hakuna mhakiki mwenye haki ya kumwambia mzazi kwamba kitenzi linda ni hila ya dola. Watu wa Garissa, wenyeji na wageni, walitaka kulindwa, na walikuwa na haki ya kukitaka kitenzi hicho kwa maana yake kamili. Ugumu umo papo hapo. Kitenzi ambacho raia hukihitaji kuliko vyote ndicho pia kilichowahi kutumika kumfungia. Kazi ya uhakiki ni kukidai uso wake wa kwanza, kwa kuuliza kila mara: analindwa nani, na kutokana na nani?

Swali hilo lina jibu la kushangaza katika maandishi ya sheria. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa na majeshi dhidi ya mashtaka kwa vitendo vilivyofanyika katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967. Kinga ni kisawe cha linda. Katika sheria hii mtendwa wa ulinzi alikuwa ni mlinzi mwenyewe. Aliyedhibitiwa hakukingwa, na aliyekingwa hakudhibitiwa.

6.0 Chunga: Kitenzi Kilichosahauliwa

Katika orodha ya visawe vya mamlaka, chunga hutajwa mwisho au hakitajwi kabisa, labda kwa sababu kinanuka zizi. Hata hivyo, kwa jamii za wafugaji hakuna kitenzi cha mamlaka kilicho na uzito zaidi. Mchungaji ana uwezo mkubwa juu ya kundi lake, lakini uwezo huo unamtumikisha. Hufuata malisho, hulala kundi linapolala, huhesabu jioni, na asipompata mmoja hurudi gizani kumtafuta. Msomali humwita mchunga ngamia geeljire, jina lililojengwa juu ya kitenzi cha kukaa macho na kuangalia. Hapa utawala hupimwa kwa hali ya anayetawaliwa: kundi likikonda, mchungaji ndiye anayelaumiwa.

Kiswahili kimeipanua maana hiyo. Chunga ulimi, chunga mtoto, jichunge: zote ni kauli za tahadhari yenye upendo. Lakini lugha, kama ilivyo desturi yake, imeweka kando ya chunga hii chunga nyingine, ile ya kuchunga unga kwa chekecheke ili makapi yaachwe. Homonimu hizi mbili hazina udugu wa maana, ila historia ya Kaskazini Mashariki imezikutanisha. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walitakiwa kujitokeza wachujwe, na waliokubaliwa wakapewa kadi za pekee zenye rangi ya waridi. Waliotarajia kuchungwa kama kundi walichungwa kama unga. Kiswahili cha Kenya cha baadaye kimeunda nahau nyingine ya kazi hiyo hiyo, kupigwa msasa. Jaji hupigwa msasa kabla ya kuapishwa, na waziri vilevile, kwa kuwa wanaomba madaraka. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa alipigwa msasa wa ziada kwa kuomba kitambulisho tu, hadi Februari 2025 ambapo Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia saini tangazo la kuuondoa utaratibu huo. Msasa hutengeneza ubao uwe laini. Haujawahi kuuliza ubao ulikuwa mti gani.

7.0 Ushahidi wa Kauli ya Kutendana

Vitenzi hivi vikipitishwa katika kauli ya kutendana, tofauti zao hujipambanua kwa ushahidi wa sarufi. Kulindana na kuchungana ni maneno ya kila siku. Majirani hulindana, ndugu huchungana. Kuongozana kumekuwa na maana ya kwenda pamoja, kana kwamba lugha imeamua kwamba anayeongoza kweli hana budi kuwa njiani na anaowaongoza. Kutawalana, kinyume chake, huundika kisarufi lakini husikika kwa nadra, na kutiishana ni hivyo hivyo. Vitenzi vinavyokubali kutendana kwa wepesi ni vile ambavyo mtendwa wake amebaki kuwa mtu. Vinavyokataa ni vile ambavyo mtendwa wake amekwisha kushushwa.

Dhibiti inaleta jambo la kuzingatiwa. Kudhibitiana hakusikiki sana kati ya watu, ila kumepata makao katika maandishi ya kikatiba: mihimili ya dola hudhibitiana. Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda ofisi ya Mdhibiti wa Bajeti, ambaye mtendwa wake ni fedha na wale wanaozitumia. Katika matumizi haya kitenzi kimerudi mahali pake. Mamlaka, kama moto, huenea yasipozuiwa, na hayana haya. Ikiwa kuna kitu kimoja katika maisha ya jamii kinachostahili kuwa mtendwa wa dhibiti, ni uwezo wa mtu mmoja juu ya mwingine. Kosa la matini nyingi kuhusu Kaskazini Mashariki ni kukielekeza kitenzi sahihi kwa mtendwa asiye wake: walidhibitiwa waliopaswa kulindwa, na walikingwa waliopaswa kudhibitiwa.

8.0 Fasihi na Ukimya

Fasihi ya Kiswahili haikuwa bubu kuhusu mamlaka. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert alimsimamisha Karama mbele ya mfalme kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria, akaionyesha nchi ambamo kutawala na kuhukumu vimo mkononi mwa watu wale wale. Msomaji wa Wajir anayejua kwamba katika lugha yake xukun ni utawala, huielewa Kusadikika bila kufafanuliwa. Abdilatif Abdalla aliyaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani kati ya 1969 na 1972. Diwani ikachapishwa mwaka 1973 na mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Alamin Mazrui, aliyewekwa kizuizini mwanzoni mwa miaka ya 1980, alitoa Chembe cha Moyo mwaka 1988. Kizuizi, nomino inayotokana na zuia, ilipata mashairi yake.

Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba diwani hizi mbili ziliandikwa katika miaka ile ile ambayo mkoa mzima ulikuwa chini ya sheria za hatari. Mshairi aliyezuiwa alikuwa na kalamu na lugha. Eneo lililozuiwa halikupata nafasi katika lugha hiyo ila kama taarifa ya usalama. Utengano, Siku Njema, Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri ni riwaya ambazo watahiniwa wa shule za upili, wakiwemo wa Garissa, wamezisoma kwa nyakati mbalimbali. Hakuna hata moja ambayo mandhari yake kuu ni Kaskazini Mashariki. Mwanafunzi wa Garissa amejifunza kuchambua udhalimu wa mabwana wa Unguja na wa majimbo ya kubuni, kisha akarudi nyumbani ambako neno dhibiti hulisikia redioni tu. Si ajabu basi kwamba matini ya Kiswahili inayolitaja eneo lake kwa uzito zaidi si riwaya wala tamthilia, bali ni taarifa ya operesheni.

Yawezekana kupinga kwamba makala haya yanavitwika vitenzi mzigo wa watu. Kwamba bunduki huua, kitenzi hakiui. Pingamizi hili ni la haki kwa kiasi chake. Hakuna mtu aliyepelekwa Wagalla na kamusi. Lakini baada ya tukio, kitenzi ndicho kinachoamua kama litakumbukwa kuwa kosa ama kuwa kazi iliyokamilika. Mamlaka ya lugha huanza pale sauti ya risasi inapokoma, na huendelea kwa miaka mingi zaidi.

9.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba tawala, dhibiti, linda na chunga si visawe ila kwa maana finyu mno. Tawala hudai ukaribu; dhibiti hudai mtendwa asiye na nia; linda hudai adui; chunga hudai wajibu. Watungaji wa kamusi watawafaa wasomaji zaidi wakionyesha, pamoja na fasili, aina za watendwa ambao kila kitenzi huandamana nao. Walimu wa insha nao hawana budi kumfundisha mwanafunzi kwamba kubadilisha kitenzi ni kubadilisha madai.

Tangu mwaka 2013 Garissa, Wajir na Mandera ni kaunti zenye serikali zao, na kitenzi kipya cha kisiasa ni gatua, kinyume cha hodhi. Bado haijawa wazi kama gatua kitaleta mtendwa mpya, ama kama kitahamisha mtenda tu kutoka Nairobi hadi makao makuu ya kaunti. Hilo litajulikana kwa sehemu katika maandishi ya wenyeji wenyewe. Garissa sasa ina chuo kikuu kamili, kilichofunguliwa tena Januari 2016 baada ya msiba na kupewa hati yake mwaka 2017. Miongoni mwa wanafunzi wake wamo vijana ambao Kiswahili si lugha ya mama zao, nao wanayasikia maneno haya kwa sikio ambalo mzawa wa pwani hana. Riwaya itakayoandikwa na mmoja wao itahitaji kuamua, katika sentensi yake ya kwanza, ni kitenzi gani atakachowapa watu wake.